Yai Lisiloatamiwa: Kuanguliwa kwa Watoto wa Reptilia na Mafunzo ya Wafugaji Chipukizi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna watoto wa reptilia wanavyokua ndani ya yai na kutoka nje, kwa kumtumia mjusi-chui (Eublepharis macularius) kama mfano mkuu, kwa kuwa ndiye ambaye vijana wengi wa Marekani na Ulaya huanza naye kujifunza kuzalisha reptilia nyumbani. Hoja inayojengwa ni kwamba ujuzi wa kutotolesha kuku, ambao ndio unaofahamika na wengi, humpotosha mfugaji chipukizi karibu katika kila hatua. Na kwamba mambo makubwa ya maisha ya mnyama huyu huamuliwa na mkono wa mtu kabla mnyama hajaanguliwa. Sehemu ya mwisho inamtazama mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, ambaye historia yake inaonyesha upande wa ufugaji huu usioonekana kwenye kisanduku cha mayai.

1.0 Utangulizi

Msamiati wa Kiswahili unaohusu mayai umetoka, kwa sehemu kubwa, bandani mwa kuku. Kuku hutaga, huatamia, huangua au hutotoa, kisha hulea vifaranga. Mama yumo katika kila hatua. Vitenzi kuatamia na kutotoa kwa kawaida humtaka yeye awe mtenda, na hata yai lililoshindwa lina jina lake, yai viza, linalodokeza kwamba kuna aliyeliatamia bila mafanikio. Mtu aliyekulia katika lugha hii, na katika nyumba yenye kuku uani, huwa amekwisha kupata nadharia kamili ya yai kabla hajaingia darasani. Nadharia hiyo ni sahihi kwa kuku. Kwa reptilia ina kasoro, na kasoro hizo ndizo zinazoua mayai ya wafugaji chipukizi, wawe wazungumzaji wa Kiswahili au wa lugha nyingine yoyote inayomfahamu kuku.

Kwa reptilia walio wengi, mama hutoweka mara baada ya kutaga. Kasa hupanda ufukweni usiku, huchimba, hutaga mayai mia moja au zaidi, huyafukia na kurudi baharini. Kobe hufanya vivyo hivyo nchi kavu, na kenge huyaacha mayai yake ndani ya kichuguu. Joto hutoka kwa jua kwa kupitia mchanga au udongo, unyevu hutoka ardhini, na muda wa kukua hutegemea hayo mawili. Wapo wanaokwenda kinyume na kanuni hii. Mamba jike wa Afrika hulinda kiota chake kwa takriban miezi mitatu, hukifukua anaposikia sauti za watoto walio bado ndani ya mayai, na huwabeba kinywani hadi majini. Chatu jike naye huyazungushia mayai mwili wake. Uchunguzi wa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba chatu wa kusini mwa Afrika huota jua hadi mwili ukapata joto jingi, kisha hurudi shimoni kuyapasha mayai joto hilo, na hubaki na watoto kwa takriban wiki mbili baada ya kuanguliwa. Kwa chatu, basi, neno kuatamia linafaa kabisa. Kwa wengi waliobaki, anayeatamia ni ardhi.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali kuliona jambo hili. Mjusi kafiri, yule wa kwenye kuta za nyumba, hutaga mayai mawili madogo meupe nyuma ya fremu za picha, katika nyufa za kuta na kwenye pembe za madirisha. Hakuna anayeyalalia. Baada ya wiki kadhaa hubaki vipande vya maganda, na wenye nyumba huona tu vijusi vidogo vikikimbia darini. Ni elimu iliyo wazi mbele ya macho, ingawa ni nadra mtu kusimama kuitazama.

2.0 Yai na maji yake

Mjusi-chui amepewa jina hilo hapa kwa ajili ya madoa yake. Asili yake ni maeneo makavu ya Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Tofauti na mjusi kafiri, ana kope zinazofumba na kufumbua, na vidole vyake havinati ukutani. Hivyo hawezi kupanda kioo cha kizimba na kutoroka. Ni mtulivu, hula wadudu, na huweza kuishi miaka 15 hadi 20 akitunzwa vizuri. Sifa hizi zimemfanya kuwa mnyama wa kwanza wa mfugaji asiye na uzoefu. Jike lililopandwa hutaga mayai mawili kwa mara moja, kisha hurudia baada ya wiki mbili hadi nne, mara kadhaa katika msimu mmoja. Aidha, huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini, hivyo kupandwa mara moja kunatosha kurutubisha mayai ya matago kadhaa.

Tofauti ya kwanza kati ya yai lake na la kuku imo kwenye ganda. Yai la kuku lina ganda gumu la chokaa na hubeba maji yake yote tangu siku linapotagwa. Katika siku 21 za kuatamiwa hupungua uzito kwa kupoteza mvuke. Yai la mjusi-chui lina ganda laini mithili ya ngozi iliyokaushwa. Hutagwa likiwa na upungufu wa maji, na huyanywa maji hayo kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Yai linalokua vizuri huvimba na kuongezeka uzito kadiri siku zinavyokwenda. Mfugaji kwa hiyo hulifukia nusu katika kitu kinachoshika unyevu. Kinachotumika sana ni vemikulaiti, madini mepesi yaliyochomwa yanayouzwa kwa wakulima wa bustani, yakichanganywa na maji ya uzito sawa na yenyewe. Kipimo cha mkono nacho kinafaa: mchanganyiko ukifumbatwa unapaswa kushikamana bila kudondosha tone. Ukiwa mkavu, yai hubonyea. Ukiwa umelowa kupita kiasi, kiinitete hukosa hewa, kwa kuwa matundu ya ganda yanayopitisha maji ndiyo hayohayo yanayopitisha oksijeni.

Si mayai yote ya mijusi yaliyo hivyo. Yai la mjusi kafiri hukauka na kuwa gumu muda mfupi baada ya kutagwa, na tangu hapo hutegemea akiba yake lenyewe, jambo linaloliwezesha kukaa katika ufa wa ukuta mkavu. Mfugaji aliyejifunza kwa mjusi mmoja hawezi kuhamisha ujuzi wake kwa mwingine bila kuuliza kwanza ganda ni la namna gani.

Tofauti ya pili ni ya hatari zaidi. Kuku huyageuza mayai yake kila siku, na mashine za kutotolesha vifaranga zimeundwa ziyageuze pia. Yai la ndege lina nyuzi mbili za ute zilizosokotwa ambazo hukishikilia kiini katikati, na kugeuzwa huzuia kiinitete kunata kwenye ganda kabla ya wakati. Yai la reptilia halina nyuzi hizo. Katika saa za mwanzo baada ya kutagwa, kiinitete huelea hadi upande wa juu, na utando wake hushikamana na ganda mahali hapo. Baadaye mishipa ya damu huenea kutoka hapo na kuwa njia ya kupumulia. Yai likigeuzwa baada ya hatua hiyo, utando huweza kuchanika, au kiini kizito kikakiangukia kiinitete na kukiua. Ndiyo maana jambo la kwanza analofundishwa mfugaji chipukizi ni kuweka alama ya penseli juu ya yai kabla ya kulitoa mahali lilipotagwa, na kulihamisha alama hiyo ikiwa bado inatazama juu. Watunza viota vya kasa nao hubanwa na kanuni hiyohiyo: kiota kilicho karibu mno na maji ya bamvua huhamishwa mapema iwezekanavyo, au huachwa.

Kijana mwenye bidii hupata shida kubwa kukubali jambo hili. Amezoea kwamba kutunza ni kutenda. Hapa kutunza ni kufunika kisanduku na kuondoka.

3.0 Jotoridi na jinsi

Mwaka 1966 Madeleine Charnier, aliyekuwa akifanya utafiti Dakar, Senegal, alichapisha matokeo kuhusu mayai ya Agama agama, mjusi wa jamii moja na wale wenye vichwa vyekundu wanaoota jua juu ya mawe ya Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba jotoridi ambalo mayai yalikuzwa ndilo lililoamua kama wangetoka madume au majike. Ugunduzi huo ulipita bila kelele nyingi, na ilichukua zaidi ya muongo mmoja kabla ya wataalamu wa nchi nyingine kuutilia maanani. Leo inafahamika kwamba mamba wote, kasa wote, kobe walio wengi na baadhi ya mijusi hawana kromosomu zinazoamua jinsi kama zilivyo kwa binadamu. Jinsi yao huamuliwa na joto katika kipindi maalumu cha katikati ya ukuaji, wakati tezi za uzazi zinapoanza kujengeka.

Mpangilio haufanani kwa wote. Kwa kasa, mchanga wenye joto zaidi hutoa majike na wenye ubaridi hutoa madume. Kwa mamba na kwa mjusi-chui, majike hupatikana kwenye joto la chini na tena kwenye joto la juu sana, huku madume yakiwa mengi katikati. Mayai ya mjusi-chui yakikuzwa kwenye nyuzijoto 26 za Selsiasi hutoa takriban majike matupu. Yakikuzwa kwenye nyuzijoto 32 hadi 33 hutoa madume kwa wingi. Yakipandishwa kufikia nyuzijoto 34 au zaidi, majike hurudi kuwa wengi. Muda nao hubadilika: kwenye nyuzijoto 32 vitoto huweza kutoka baada ya siku 35 hadi 45, ilhali kwenye 26 wanaweza kuchukua zaidi ya siku 60.

Athari hazikomei kwenye jinsi. Gutzke na Crews (1988), katika utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature, walionyesha kwamba majike ya mjusi-chui yaliyotokana na mayai yenye joto la juu yalikuwa na tabia ya ukali iliyofanana na ya madume, na uzazi wao ulikuwa hafifu. Wanyama wawili wa jinsi moja, huenda hata wa mama mmoja, walitofautiana tabia kwa sababu ya nyuzijoto chache katika wiki walizokuwa ndani ya ganda. Kwa mtafiti, hili ni dirisha la kuangalia namna mazingira yanavyoujenga mwili. Kwa mfugaji ni jukumu zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu yule anayezungusha kitufe cha kifaa cha kudhibiti joto ndiye anayeamua.

Hapa nadharia ya kuku huleta hasara ya wazi. Mashine ya kutotolesha vifaranga huwekwa karibu na nyuzijoto 37.5. Joto hilo, ambalo kwa kifaranga ni mwili wa mama yake, kwa kiinitete cha mjusi-chui ni kifo. Kosa dogo zaidi halionekani upesi: kipimajoto cha bei nafuu chenye makosa ya nyuzijoto mbili hakiui, bali hubadilisha majike kuwa madume bila mfugaji kujua, hadi miezi kadhaa baadaye anapogundua kwamba aliouza kama majike wanapigana. Wafugaji wazoefu huweka vipimajoto viwili kwenye kisanduku kimoja na kuviacha siku kadhaa kabla ya yai la kwanza kuingizwa humo. Pia hukiweka kisanduku mahali pasipopigwa na jua la dirishani.

Katika biashara ya wanyama wa kufugwa, majike hupendelewa kwa kuwa dume moja hutosha kwa majike kadhaa na madume hayawezi kukaa kizimba kimoja. Kijana anayefuata mwongozo uliochapishwa huchagua jotoridi kama mtu anayechagua bidhaa dukani. Maelekezo mengi humpa jedwali la nyuzijoto na jinsi bila kumweleza kwamba upande wa juu wa jedwali hilo unazaa wanyama wenye matatizo. Ufundishaji wa namna hiyo una kasoro, hata kama namba zake ni sahihi.

4.0 Kutoka ndani ya ganda

Wiki moja hadi mbili baada ya yai kutagwa, mfugaji huweza kulimulika kwa tochi ndogo akiwa gizani, bila kulinyanyua. Yai lenye uhai huonyesha rangi ya waridi na nyuzi nyekundu za mishipa. Lisilorutubishwa hubaki la manjano, hunywea na kuota ukungu. Kuanzia hapo hakuna la kuona kwa muda mrefu. Kiini, ambacho ndicho chakula, hupungua kadiri kiinitete kinavyokua, na taka za mwili hukusanywa katika mfuko wake.

Siku moja au mbili kabla ya kutoka, yai hubadilika. Vitone vya maji hujitokeza juu ya ganda kana kwamba linatoka jasho, na ukuta wake hulegea na kubonyea. Mfugaji asiyejua hudhani limekufa, na si wachache waliowahi kutupa yai katika hatua hiyo. Ndani, kitoto kimeanza kugeuza kichwa. Kwenye ncha ya pua kimeota jino la yai, kifaa kinachotumika kwa saa chache tu katika maisha yote. Kwa nyoka na mijusi hilo ni jino la kweli lililochomoza mbele. Mijusi wa kundi la mjusi-chui na mjusi kafiri wanayo mawili yaliyo sambamba. Kwa mamba, kasa na kobe si jino bali ni kigamba kigumu cha ngozi. Kifaranga cha kuku, mwenye kigamba cha namna hiyo mdomoni, hugonga ganda hadi likavunjika. Kitoto cha mjusi-chui hakigongi, hukata. Husugua pua kwenye ganda laini na kulichana, mara nyingine michano miwili au mitatu, hadi pua itokeze.

Kisha husimama. Pua iko nje, macho pengine yamefumbuka, na hakuna kinachoendelea kwa saa nyingi, mara nyingine kwa siku nzima au zaidi. Huu ndio wakati ambao wafugaji chipukizi huua vitoto vingi kwa huruma.

Ukimya huo ni kazi. Hadi wakati huo kitoto kimekuwa kikipumua kwa mishipa ya damu iliyoenea chini ya ganda. Sasa mapafu yanaanza kuchukua kazi hiyo, na damu iliyokuwa ikizunguka kwenye utando inapaswa kurudi mwilini kabla mishipa haijajifunga. Wakati huohuo mfuko wa kiini uliobaki unavutwa ndani ya tumbo kupitia kitovu. Kiini hicho ndicho kitakachokilisha kitoto katika siku zake za kwanza nje. Mtu akilichana ganda kwa mkasi na kukitoa, hukata mishipa ambayo bado ina damu, au hukitoa kikiwa na mfuko wa kiini unaoning'inia. Mfuko huo hukauka, hunata kwenye vemikulaiti na kuchanika. Kitoto kilichosaidiwa hivyo mara nyingi hakifikishi wiki.

Mfugaji wa kuku ana sababu ya kutoelewa, kwa kuwa naye amefundishwa kwamba kifaranga kilichokwama husaidiwa kwa kubandua kipande cha ganda. Hata kwa kuku ushauri huo unahitaji uangalifu mkubwa. Kwa reptilia, asiye na uzoefu anapaswa kuuchukulia kama haupo. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha unyevu haupungui, ili ganda lisikauke na kumbana kitoto, na kuacha kufungua kifuniko kila nusu saa.

Kitoto kinapotoka chenyewe huwa na uzito wa karibu gramu 3, na urefu wa sentimita 8 au 9 pamoja na mkia. Badala ya madoa kina mistari mipana myeusi na ya manjano. Madoa huja kadiri kinavyokua. Ndani ya siku chache huambua ngozi yake ya kwanza na kwa kawaida huila. Kabla ya hapo hakihitaji chakula, kwa kuwa kiini bado kimo tumboni. Kijana aliyetayarisha wadudu wadogo tangu wiki iliyopita huhuzunika kuona havigusi, na wengine hujaribu kukilazimisha. Kinachohitajika ni maji, pahali pa kujificha penye unyevu, na kizimba chake mwenyewe, mbali na wazazi wake, ambao hawana namna ya kumtambua na wanaweza kumla.

5.0 Kabla ya yai la kwanza

Maelezo yaliyotangulia yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba ustadi wa kutotolesha ndio kilele cha ufugaji huu. Kwa hakika ni sehemu yake rahisi. Jike lisilopungua mwaka mmoja na lenye uzito wa kutosha, la gramu 45 hadi 50 au zaidi, likipewa kalisi ya kutosha, litataga hata kama mwenye nyumba hajui lolote. Jike dogo au lenye upungufu wa kalisi litataga pia, kwa kuyeyusha mifupa yake mwenyewe. Msimu mmoja wa matago sita ni mayai 12, na vitoto 12 ni vizimba 12, kila kimoja na mahali pa joto, kwa wanyama wanaoweza kuishi hadi kijana aliyewazalisha atakapokuwa na watoto wake. Swali la watakwenda wapi halina budi kuulizwa kabla dume halijaingizwa kizimbani.

Baadhi ya nchi zimeweka sehemu ya wajibu huo katika sheria. Uingereza na Wales, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inakataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16, na mzazi au mlezi ndiye anayehesabiwa kuwajibika kwa mnyama wa mtoto huyo. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kasa na kobe wadogo wenye gamba lisilofikia inchi 4, takriban sentimita 10, baada ya watoto wengi kuambukizwa bakteria wa salmonela. Watoto walikuwa wakiwashika, hata kuwatia mdomoni. Kunawa mikono baada ya kugusa reptilia au kisanduku cha mayai ni kanuni ya kwanza ya kila chama makini cha wafugaji. Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mtu awe na kibali kabla ya kukamata au kumiliki mnyamapori. Mwanafunzi wa biolojia wa Dodoma au Morogoro anaweza kuyaangalia mayai ya mjusi kafiri ukutani kwake, na kwa hakika atajifunza mengi, bila kumkamata kinyonga yeyote.

Suala lingine ni la rangi. Wafugaji wamezalisha mijusi-chui wa rangi nyingi zisizopatikana porini, kwa kuwakutanisha wanyama wenye mabadiliko ya kurithi, na rangi mpya huwa na bei kubwa. Mojawapo ilikuwa rangi ya manjano iliyopauka ijulikanayo kama Lemon Frost, iliyojitokeza katika kundi la mfugaji mmoja wa Marekani. Iliposambaa, wafugaji walianza kuona uvimbe mweupe kwenye ngozi za wanyama hao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiwemo Longhua Guo na Leonid Kruglyak, walichapisha mwaka 2021 matokeo yaliyohusisha rangi hiyo na jeni iitwayo SPINT1, na kueleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanyama wenye rangi hiyo walipata uvimbe wa chembehai za rangi. Kilichowavutia wanunuzi na kilichowaumiza wanyama kilikuwa kitu kimoja. Mfugaji chipukizi anayekutanisha wazazi kwa kuangalia picha pekee hufanya uamuzi wa kitabibu pasipo kujua, kama vile anavyofanya anapozungusha kitufe cha joto.

6.0 Mayai ya Kimboza

Hutolewa mara kwa mara hoja kwamba kila kitoto kinachoanguliwa nyumbani ni mnyama mmoja asiyekamatwa porini. Kwa mjusi-chui hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa wanaouzwa Marekani na Ulaya kwa sehemu kubwa ni wa vizazi vingi vya kufugwa. Kwa wanyama wengine mambo yalikwenda kwa mpangilio tofauti.

Chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, upo msitu wa hifadhi wa Kimboza, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 4. Humo, na katika vipande vichache vya misitu ya jirani, huishi Lygodactylus williamsi, mjusi mdogo aliyeelezwa kisayansi na Loveridge mwaka 1952. Dume ni la buluu inayong'aa. Jike ni la kijani. Makazi yake ni mimea ya jamii ya mkadi, Pandanus rabaiensis, ambayo majani yake marefu hushika maji ya mvua. Alipoanza kuonekana katika masoko ya Ulaya katika miaka ya 2000, hakukuwa na wafugaji waliomjua wala vizazi vya kufugwa. Soko lilitangulia ujuzi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kundi moja la wakamataji lilitoa zaidi ya mijusi 30,000 msituni kati ya mwishoni mwa 2004 na katikati ya 2009. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, waliokutana Johannesburg, walimwingiza katika Kiambatisho cha I, kinachozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliotoka porini. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi.

Wafugaji wa Ulaya hatimaye walijifunza kumzalisha, na ujuzi huo ni wa kuheshimiwa. Lakini ulipatikana kwa wanyama waliokwisha kutolewa Kimboza, na mnunuzi wa kawaida hana namna ya kumtazama mjusi wa buluu akajua kama alitoka kwenye yai la kizimbani au kwenye jani la mkadi. Ndiyo maana kumbukumbu za mfugaji, yaani tarehe ya kutagwa, jotoridi, tarehe ya kuanguliwa na asili ya wazazi, si mapambo ya daftari la kijana mwenye nidhamu. Ndizo ushahidi pekee unaoweza kumtenga mtoto wa kufugwa na mtoto aliyeibwa.

Yai la mjusi huyu ni la ganda gumu, kama la mjusi kafiri, na jike hulibandika. Akishapata mahali pa siri nyuma ya jani au katika mkunjo wake, hutaga mawili yanayoganda hapo kwa nguvu kiasi kwamba kuyabandua ni kuyavunja. Kwa hiyo mfugaji hayahamishi. Hufunika mahali hapo kwa kikombe kidogo chenye matundu au kipande cha wavu, ili vitoto vikitoka visiliwe na wakubwa, na kizimba kizima hugeuka kuwa kisanduku cha mayai. Katika msitu wa Kimboza, wakamataji waliukata mkadi ili kuwafikia mijusi waliokimbilia katikati ya majani. Mayai yaliyokuwa yamebandikwa kwenye majani hayo yalianguka pamoja na mti, na hayakuhesabiwa katika idadi yoyote ya wanyama waliouzwa.